Shukrani kwa Ajili ya Ammachi

...na bado wanangoja, Sosamma aliwaza, akayafumba macho kwa nguvu zaidi kana kwamba shida ilikuwa macho, kwa sababu Kasisi Ninan alikwisha kusema, kwa ile sauti yake ya kubembeleza, "Leo sala ya shukrani atatuongoza Sosamma mwenyewe, ni haki yake," na watu wote sebuleni walikwisha kupiga magoti juu ya mikeka, wanaume upande wa mlango, wanawake upande wa jikoni, na kimya kikashuka, kile kimya cha watu wengi wanaomngojea mtu mmoja afungue kinywa, na kinywa chake kilikuwa kikavu... Baba mwema, hivyo ndivyo watu huanza, Baba mwema tunakushukuru kwa fadhili zako, maneno hayo anayo tangu shule ya Jumapili, huwa yanatoka yenyewe kama maji ya bomba, basi yatoke, mbona hayatoki... nyuma yake Pennamma, jirani yao wa ng'ambo ya shamba la miti ya mpira, alikohoa, kisha akamwambia mwenzake, akidhani ananong'ona, "Analia huyo, maskini, mwache kidogo," naye halii, laiti angekuwa analia, mtu anayelia haulizwi kitu, lakini macho yake yalikuwa makavu, na juu ya kichwa chake ulikuwa umetulia mkono wa Ammachi, mama mkwe wake, aliyeketi kwenye kiti cha mbele katika nguo nyeupe iliyopigwa pasi, mzima, amenawiri, mkono ulioanza kuwa na uzito tena, na yeye aliujua mkono huo kuliko wake mwenyewe, miezi yote ile Ammachi alipokuwa hawezi kuinuka aliuosha kila asubuhi, kwapa, kiwiko, kidole kimoja kimoja, na kila alipouosha aliomba, ee Mungu, jinsi alivyoomba, huku akikamua kitambaa kwenye beseni alisema, Mchukue. Mchukue leo. Kisha akaongeza, kwa huruma zako, mchukue kwa huruma zako, akalimwaga neno huruma juu ya ombi lile kama mpishi anayemwagia majani ya giligilani mchuzi ulioungua... kwa sababu Kuriyan, mumewe, alikuwa Muscat, amepata nyumba ya vyumba viwili, amesema njoo, halafu katika simu hiyohiyo akasema, "Lakini Mama je? Mama amekula?" amekula, amekula uji wa mchele, "Amelala vizuri?" amelala, na Sosamma alingoja aulizwe na yeye kama amelala, akangoja mpaka simu ikakatika, akarudi kwenye beseni, Mchukue... na hilo ni ombi tu, maombi mabaya hata watakatifu huenda waliyaomba, angeweza kulimeza, kama isingekuwa ile alasiri, usiende huko, omba, watu wanangoja, Baba mwema... lakini alikwisha kufika huko, nyuma ya nyumba, kwenye jiwe la kufulia, ameketi, mikono ina povu, na kutoka chumbani fimbo ya Ammachi inagonga ukuta, ko, ko, ko, hivyo ndivyo alivyomwita alipotaka maji au kugeuzwa, na Sosamma alisikia. Alisikia vizuri kabisa. Akajiambia, ngoja kidogo, acha agonge, kidogo tu, akaendelea kuyatazama mapovu yakipasuka, ko, ko, kisha fimbo ikanyamaza na kikaja kishindo kama cha fenesi lililoiva likianguka lenyewe, na hata hapo hakuinuka mara moja, na huo ndio moyo wa jambo lenyewe, hata hapo alikaa, kwa sababu kitu ndani yake kilisema, labda ndiyo hiyo, labda nimesikilizwa... halafu akapiga mbio. Hayo ya mbio ndiyo watu wanayoyajua. Wanajua alivyomwinua Ammachi sakafuni akambeba mgongoni hadi barabarani, mvua ikiwapiga, wanaume kwenye kibanda cha chai wakatupa vikombe kuja kumsaidia, wanajua kuwa hospitalini daktari mgeni alishangaa dawa alizokuwa akinyweshwa Ammachi, akazibadilisha zote, na yule aliyekuwa akingojewa kufa akaanza kuomba samaki na muhogo, na leo asubuhi kanisani Kasisi Ninan alisimama akasema, wakwe wema tulikuwa tunawasoma katika Maandiko, sasa tunaye mmoja hapa kijijini, na watu wakageuka kumtazama, naye akainamisha kichwa, wakasema, tena mnyenyekevu... "Mwacheni apumue," sauti ikasema juu ya kichwa chake, ya Ammachi, kavu, yenye kukwaruza, "mtoto wa watu amechoka, siku ile nilimwita mpaka fimbo ikataka kuvunjika, hakusikia, mvua ilikuwa inapiga vigae utadhani mawe, nani angesikia? Hata wewe Kasisi na masikio yako hayo usingesikia," na kicheko kidogo kikapita mikekani, Kasisi akasema taratibu, "Ammachi, tuko kwenye sala, mama," naye akajibu, "Si Mungu ananijua? Hawezi kunikasirikia leo," na Sosamma akabaki ameshikilia neno moja, mvua, mvua gani... mvua iliwakuta langoni. Alipokuwa kwenye jiwe jua lilikuwa linawaka, shuka zilikuwa kambani, zimekauka, na dirisha la Ammachi linatazama jiwe lile, yeye mwenyewe ndiye aliyekisogeza kitanda dirishani ili bibi apate kuona watu... basi alikuwa anaona. Alikuwa anagonga huku anamwona, mgongo wa mkwe wake, umetulia, hausogei. Na hadithi hii ya mvua aliisimulia nani kwanza? Si Sosamma, Sosamma hakusema lolote, ni Ammachi mwenyewe, hospitalini, kabla hajaulizwa, kisha kwa Kuriyan kwenye simu, kisha kwa Pennamma, na kila mara mvua ikizidi ukubwa, na Sosamma alishukuru kimoyomoyo kwamba kizee kimechanganyikiwa, kimesahau, kumbe hakikusahau kitu, kumbe kilikuwa kikimjengea paa... joto likampanda shingoni mpaka masikioni, aibu mpya kabisa, aibu ile ya zamani ilikuwa ya mtu aliyejificha, hii ilikuwa ya mtu aliyeonwa tangu mwanzo akapewa chakula mezani vilevile, na hakujua ipi ni nzito zaidi, ila alijua kwamba ya kwanza ilimziba kinywa na hii haizibi, ee Mungu, na Wewe pia ulikuwa dirishani... "Mwanangu," Ammachi akasema polepole, kwa ajili yake peke yake, "sema chochote," na vidole vikambonyeza kidogo utosini, wala si kwa kubariki, kama mtu anayegonga mlango. Baba mwema hakuja. Fadhili zako hazikuja. Sosamma akavuta pumzi.

"Bwana," alisema, sauti yake ikiwa ndogo hata Pennamma akasogeza goti mbele, "asante kwa kuwa hukunisikiliza," na hapo akakwama, wote wamefumba macho, wakidhani huo ni mwanzo tu, wakingoja.