Feni Yenye Adabu Nyingi

Kwa miezi saba mashine ya injinia Wechuli ya kukausha omena, wale dagaa wa ziwani, ilikuwa imenyooka kila upande, na omena zilikuwa zikitoka na maji yao vilevile zilivyoingia. Mkurugenzi Byron, mtu aliyepanga hata kalamu zake kwa urefu, alikuwa amemwambia waziwazi: wafadhili wanakuja Ijumaa, na mashine isipokausha, mradi unafungwa na Wechuli anarudi Bungoma na vyeti vyake.

Jumatatu, pale ufukweni Dunga, kando ya Ziwa Victoria, Beldina muuza omena aliazima feni ya mashine ili awashe jiko lake. Ikaanguka, mapanga yakapinda. Akayanyoosha kwa jiwe, ovyo ovyo, akairudisha bila kusema neno. Wechuli alipowasha, mashine ikatetemeka kama mgonjwa wa malaria, upepo ukavurugika humo ndani ukipiga juu, chini, kila pembe. Baada ya saa mbili omena zilikuwa kavu, zinavunjika kwa vidole.

"Yawa, Injinia, hiyo feni yako ilikuwa na adabu mingi sana," Beldina alisema alipobanwa. "Upepo ilikuwa inasalimia tu omena za juu, inaenda zake."

Wechuli akapiga hesabu, akaona mama yule hakukosea hata kidogo. Akaandika ripoti kwa furaha. Byron akaisoma, akafika penye neno "imepinda", akaagiza feni mpya.

Ijumaa wageni wakaketi chini ya hema. Feni mpya ikazunguka kimya, vizuri mpaka inaudhi. Saa mbili zikapita, na omena bado mbichi. Mgeni mmoja akafunga daftari. Hapo Wechuli, jasho likimtiririka, akazima mashine, akaichomoa feni na kuinua nyundo.

"Wechuli! Hiyo ni mali ya umma!" Byron akafoka.

Akaigonga mara tatu, akairudisha, akawasha.

Omena zikakauka, makofi yakalia. Byron akasimama, akafunga vifungo vya koti, akawaeleza wageni jinsi ofisi yake ilivyobuni, kwa mpangilio maalumu, teknolojia ya upepo uliovurugwa. Mradi ukaongezewa miaka mitatu.

Wiki iliyofuata Wechuli alikuta barua mbili za Byron mezani. Ya kwanza ilimwagiza apinde feni arobaini, zote sawasawa, kwa kipimo cha rula. Ya pili ilikuwa onyo la mwisho, kwa kosa la kupinda feni.