Zabuni ya Shawa

Wanaume wengine wakistaafu hufuga kuku, wengine hugombana na redio. Mume wa muuguzi huyu alikuwa afisa ugavi tangu ujana wake, na alistaafu bila kuacha kazi. Nyumbani kwake hakikununuliwa hata kijiko bila zabuni. Pasi ilifanyiwa tathmini. Mfagio ulirudishwa dukani kwa kukosa sifa. Majirani walimwita Mwenyekiti, na mkewe naye akazoea kumwita hivyo, hata mezani, hata kitandani.

Mwaka huu muuguzi alipata likizo ya wiki mbili, ya kwanza isiyokuwa ya uzazi wala ya msiba. Alitaka jambo moja tu. Walikuwa na gari kuukuu, lililowahi kusambaza mikate, ambalo walikuwa wamelitia kitanda, jiko dogo na mapazia. Alitaka wapande humo, yeye na mumewe, waende popote, walale popote. Watoto walishakuwa na nyumba zao. Tangu enzi za uchumba alikuwa hajamwona mume huyu akifanya upuuzi wowote, na alikuwa na hamu ya kumwona.

Kosa lake lilikuwa kusema, "Ila nitahitaji mahali pa kuoga, Mwenyekiti. Mimi silali na jasho."

Laiti angeuma ulimi. Mwenyekiti aliweka kikombe chini, uso ukamng'aa.

"Kwa hiyo idara tumizi, yaani wewe, imewasilisha mahitaji," akasema. "Shawa ya kubebeka. Vizuri sana."

Kufikia kesho yake bodi ilikuwa imeshaundwa. Wajumbe walikuwa mama yake Mwenyekiti, aliyeishi nao, ambaye macho yake yalikuwa yamepungua nguvu lakini haambiliki. Na mdogo wake muuguzi, mwalimu wa udereva, aliyekuja kuazima ngazi tu akajikuta ameapishwa.

"Na mimi?" muuguzi akauliza.

"Wewe huna kura, mke wangu. Wewe ndiye utakayeoga. Una maslahi."

Basi shawa zikaanza kuletwa kwa majaribio. Ya kwanza ilikuwa mfuko mweusi wa kuanikwa juani hadi maji yapate moto. Mwenyekiti aliutundika kwenye kamba ya nguo tangu asubuhi, na jua lilipokuwa utosini akaingia chini yake na kaptura na miwani, akafungua. Alitoka mbio kama mtu aliyevamiwa na nyuki. Muuguzi akampaka dawa mabegani, na wakati anapakwa Mwenyekiti alikuwa akisema kwamba, kwa upande wa joto, mzabuni huyu amevuka matarajio.

Ya pili ilikuwa ya kukanyaga. Ukitaka maji yapande, lazima mguu uende bila kupumzika. Mama mkwe alimsikiliza mwanawe akihema nyuma ya shuka waliyotundika uani.

"Huyu anaoga au anashona?" akauliza.

Ya tatu ilikuwa pampu ndogo ya betri, unaitumbukiza ndooni na maji yanakuja yenyewe, mazuri, ya kumwosha mtu mpaka nyuma ya masikio. Muuguzi aliiona akajua safari imepatikana. Lakini Mwenyekiti aligundua kwamba mpira wake wa maji ulikuwa mwekundu, na sifa alizozitangaza yeye mwenyewe zilitaka rangi tulivu. Majaribio yote matatu yakarudiwa upya. Jirani mmoja, aliyekuwa akifuatilia haya yote juu ya ukuta huku anakula karanga, akapaza sauti, "Leo maji yana nguvu, Mwenyekiti!" Akapewa onyo kwa kuingilia mchakato.

Na likizo ilikuwa inakatika. Kila jioni muuguzi alichukua chai yake akaenda kuinywea ndani ya gari, juu ya kile kitanda, mapazia yakiwa yamefungwa, akijidanganya kwamba nje kuna ziwa. Nje kulikuwa na mumewe anapima urefu wa mpira. Alikuwa na hasira, na chini ya hasira alikuwa na huzuni, maana alianza kuhisi kwamba mtu anayetaka kusafiri nawe hapimi mpira uleule siku nzima.

Hatimaye bodi ikakutana sebuleni baada ya chakula cha mchana. Mama mkwe alikuwa anasinzia, ila akidi ilitimia.

"Shemeji, mimi naunga mkono yoyote," alisema mwalimu wa udereva. "Naomba tu ngazi."

Pampu ya betri, mpira wake mwekundu ukiwa umesamehewa, ikapita bila kupingwa. Muuguzi akaruka kutoka kwenye kochi. "Nikapakie maji?"

"Subiri kwanza. Kuna kipindi cha rufaa."

"Rufaa ya nani?"

"Ya wazabuni walioshindwa."

Wote wakageuka dirishani. Ule mfuko mweusi ulikuwa unaning'inia kwenye kamba, na ile ya kukanyaga imelala ubavu kwenye majani.

"Wana haki ya wiki nzima," akasema Mwenyekiti.

"Jumatatu narudi wodini!"

"Utaratibu ni utaratibu, mke wangu."

Hapo maji yakamfika shingoni. Akasimama, akanyoosha gauni lake.

"Mwenyekiti, idara tumizi inafuta mahitaji yake. Sitaoga."

Mama mkwe akazinduka. "Nani haogi?"

"Mimi, Mama. Nitanuka."

Pasipo mahitaji hapana zabuni. Hilo Mwenyekiti alikuwa amewafundisha watu maisha yake yote. Mwalimu wa udereva akasema "Naafiki" na kutoka mbio kwenda kuchukua ngazi kabla hajaitwa tena.

Baadaye muuguzi alitoka nje, akamkuta mumewe amekaa kwenye kidato cha mlango wa gari, miwani mkononi.

"Kuna nini?"

"Hapa kuna Mama," akasema polepole, "kuna simu za watoto, kuna vikao. Huko tutakuwa mimi na wewe tu. Tutazungumza nini?"

Muuguzi akafungua kinywa acheke, kicheko kikakataa. Alikuwa amewaza mapazia, chai, ziwa. Hilo hakuliwaza. Naye pia hakuwa na la kuzungumza, na jambo hilo lilimuuma kuliko likizo yote iliyopotea.

"Sijui," akasema. "Panda."

Akashika usukani yeye. Wakapita soko, wakapita kituo cha mafuta, na nyumba za mwisho za mji zikabaki nyuma. Muuguzi alitafuta pa kuanzia. Kila alichokigusa akilini kilikuwa cha watoto, au cha Mama, au cha wodini. Alijua presha ya mtu huyu, alijua saizi ya viatu vyake, lakini hakujua, kwa miaka yote hiyo, ni kitu gani kinachomfurahisha.

Basi akamwuliza.