Goti la Mshale

Walisaini mikataba siku moja, katika ofisi moja, kwa kalamu moja. Mume alisaini kudakia timu ya wanaume, mke kufungia timu ya wanawake. Katibu wa klabu, mtu wa vicheko vingi, akawaambia hiyo ndiyo ndoa aliyokuwa akiiombea klabu miaka yote: mmoja anafunga, mwingine anazuia, nani atawaweza? Wakacheka wote watatu. Mume akatoka na ufunguo wa gari. Mke akatoka na viatu vya kuchezea ambavyo, kwa haraka ya kushukuru, hakuvijaribu. Alipofika nyumbani vikambana vidole.

Wakati huo jambo hilo halikuwauma. Ndoa ilikuwa bado changa, na kwa watu waliooana juzi kila kitu ni kichekesho.

"Gari ni letu sote," alisema mume.

"Na viatu ni vyetu sote," alijibu mke. "Vaa wewe basi."

Mashabiki walimwita mume Ukuta. Jina hilo alikuja nalo kutoka timu yake ya zamani, na katika klabu hii halikupata kazi, maana kipa wa kwanza alikuwa hodari na hata mafua hayakumjua. Msimu wa kwanza Ukuta aliumalizia benchi, wa pili vivyo hivyo, na wa tatu ukaanza naye akiwa palepale. Hata hivyo akipita mtaani watu walimpungia mkono, wenye maduka walimtolea kiti, na fundi simu alimtoza bei ya shemeji. Mkewe naye alikuwa na jina lake, Mshale, kwa jinsi alivyochomoka katikati ya mabeki. Alikuwa nahodha. Alikwisha kuchukua ubingwa mara mbili, na mara ya pili kikombe walikabidhiwa kwenye uwanja wa mazoezi, chini ya turubai la kuazima, na mgeni rasmi aliyewapongeza "mabinti zetu" huku akitazama saa. Mtaani aliitwa mke wa Ukuta.

Asubuhi Mshale alifanya kazi kwenye duka la jezi. Angefanyaje? Mshahara wake wa mwezi mzima haukufikia posho aliyopewa mumewe kwa mechi moja, mechi ambayo kazi yake ilikuwa kukaa na kupiga makofi. Dukani alisimama kwenye mashine ya moto, akibandika majina ya wachezaji mgongoni mwa jezi. La mumewe alilibandika mara nyingi tu. Lake hakuna aliyewahi kuliagiza.

"Jitengenezee moja basi," mwenye duka alimtania siku moja. "Nitakukopesha."

Jioni akawasimulia wenzake uwanjani, wakacheka mpaka beki wa kulia akakaa chini akishika mbavu. Timu ile ilijua kucheka. Ilikuwa ndiyo posho yao.

Balaa lilikuja siku ya nusu fainali. Siku hiyohiyo wanaume walikuwa na mechi ya kawaida ya ligi kwenye uwanja mkubwa, kwa hiyo daktari wa timu, machela na gari la wagonjwa vyote vilikwenda huko. Wanawake walipewa uwanja wa shule, wenye nyasi kwenye kona na vumbi katikati. Zikiwa zimebaki dakika chache, Mshale akapokea pasi, akampita beki wa kwanza, akageuka ampite wa pili. Mwili ukageuka, mguu ukabaki. Meno ya kiatu yalikuwa yamenasa kwenye kishimo. Hakuna aliyemgusa. Wenzake walisema baadaye kwamba walisikia mlio, kama wa kijiti kikavu. Yeye hakusikia kitu. Alijikuta tu chini, vumbi mdomoni, na goti halikuwa lake tena.

Kocha wao alikuwa mwanamke wa miraba minne, mwalimu wa hesabu saa za kazi. Alimbeba Mshale mikononi kama mtoto, akampakia kwenye gari la mizigo la mume wa beki wa kulia, juu ya magunia matupu ya saruji.

"Tumeshinda?" aliuliza Mshale, meno yakigongana.

"Tumeshinda. Nyamaza sasa."

Ukuta alizipata habari baada ya mechi yao, alipofungua simu kwenye chumba cha kubadilishia nguo. Alifika hospitali mbiombio bila kubadili nguo, jezi yake safi, haina hata tone la jasho. Mshale alipoiona jezi ile akaanza kulia, na Ukuta akadhani analilia goti.

Daktari wa timu ya wanaume alikuja nyumbani kumtazama, kwa hisani yake tu, na kwa siri. Akalikunja goti, akalinyoosha, akalivuta kidogo, uso ukambadilika.

"Dada, kano imekatika. Hapa ni upasuaji, tena usicheleweshwe. Ukijikongoja nalo hivi, goti litajila lenyewe."

Mshale akajikongoja nalo mpaka ofisini kwa katibu. Katibu akasimama kumpokea, akamvutia kiti, akampa pole zaidi ya moja.

"Lakini mwanangu, mkataba wenu akina mama hauna matibabu. Una usafiri, una viatu, una maji ya kunywa."

"Niliumia nikiwa na jezi ya klabu, mzee."

"Kweli kabisa. Na klabu inakuthamini. Ila tuseme ukweli, mkicheza nyinyi mlangoni kunaingia nini? Watazamaji wenyewe ni ndugu zenu, na wanaingia bure."

"Mnatuchezesha saa za jua kali, uwanja wa shule, hamtangazi. Watu watatoka wapi?"

Katibu akacheka kidogo, bila ubaya. Hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililokuwa gumu. "Kwani wewe una shida gani? Mume si yupo?"

Neno hilo lilimkaa Mshale kooni kama mwiba wa samaki. Alipofika nyumbani na Ukuta akamwambia neno lilelile, kwa mapenzi tu, kwamba yeye yupo na atalipa, mwiba ukazidi kuzama.

"Ukilipa wewe, wao wamepona," alisema Mshale. "Kesho akivunjika beki wa kulia, mumewe atalipa na nini? Magunia?"

"Goti ni lako, mke wangu. Si la beki wa kulia."

"Nilipokuwa nafunga lilikuwa la klabu. Walitunze."

"Na wasipolitunza?"

Mshale alikuwa mkaidi tangu utoto, na ukaidi huohuo ndio uliokuwa ukimpitisha katikati ya mabeki. Hakujua kuuvua nje ya uwanja. Akaendelea kwenda ofisini kwa katibu, leo peke yake, kesho na kocha wake, wakikalia benchi la korido mpaka ofisi inafungwa. Mara katibu yuko mkutanoni, mara mwenyekiti amesafiri, mara suala linashughulikiwa. Nyumbani Ukuta alibembeleza hadi akachoka kubembeleza. Mama yake akaja kuwasaidia kazi. Alikuwa mwanamke mwema, aliyemkanda mkwewe goti kwa maji ya moto bila kuombwa.

"Mungu akifunga mlango huu hufungua ule," alimwambia akiwa amepiga magoti na kitambaa mkononi. "Tulieni sasa mniletee mjukuu. Mpira mwachie mwenzio, ndiyo kazi yake."

"Na mimi ilikuwa kazi yangu, mama."

Mama mkwe akakamua kitambaa, akakichovya tena. "Ulikuwa unacheza, mwanangu," alisema kwa upole. "Tena ulikuwa unacheza vizuri."

Fainali ilichezwa bila Mshale na timu yake ikafungwa. Kitambaa cha unahodha akavaa mwingine, kwa muda, wakasema. Dukani akawekewa kigoda, akawa anabandika majina amekaa.

Hapo ndipo kipa wa kwanza wa wanaume alipoumia kidole. Alikitegua mazoezini, kidole kidogo cha mkono wa kushoto. Wahenga walisema chanda chema huvikwa pete. Hiki kilikatiwa tiketi ya ndege. Wiki haikuisha kipa akawa nje ya nchi kwa mabingwa wa mifupa, na redio ikawa inatoa habari za kidole chake asubuhi na jioni. Mshale alizisikia akiwa kazini. Mwenye duka akanyoosha mkono, akazima redio bila kuambiwa.

Lakini kidole hicho ndicho kilichomfungulia Ukuta mlango. Mechi yake ya kwanza kudaka katika klabu ile ilikuwa dhidi ya mahasimu wao wakubwa, uwanja umejaa pomoni. Mshale aliitazama kwenye televisheni pamoja na mama mkwe, wameshikana mikono. Timu ilikuwa mbele kwa bao moja, na dakika za mwisho mwamuzi akaonyesha penalti. Mama mkwe akafunika uso kwa khanga. Mshale hakufunika. Alimjua yule mwanamume aliye langoni. Kwa miaka alikuwa akimpigia mikwaju uani, akijua anapoegemeza uzito kabla hajaruka. "Kushoto," alinong'ona, "kushoto, baba, kushoto." Ukuta akaruka kushoto, akautoa mpira kwa ncha za vidole.

Mshale aliruka kwa furaha. Aliruka kwa miguu yote miwili, akasahau, na goti likamgeuka. Mama mkwe alipofunua uso alimkuta sakafuni, anacheka na kulia kwa pamoja.

"Usimwambie," alisema Mshale. "Mama, nakuomba. Leo usimwambie."

Jioni akasikia gari likiingia. Injini ikazimwa, mlango haukufunguliwa. Akajivuta hadi dirishani. Ukuta alikuwa amekaa ndani ya gari peke yake, anapiga usukani kwa ngumi, mdomo wazi, anacheka. Ulikuwa uso wa yule kijana aliyemposa, uso ambao hakuuona tangu siku ya nusu fainali. Kisha Ukuta akatulia. Akapitisha kiganja usoni, kuanzia kwenye paji hadi kidevuni, na kiganja kilipoondoka furaha yote ilikuwa imeondoka nacho. Akaingia ndani na uso wa mtu anayekwenda msibani.

"Tumeshinda," alisema. "Goti vipi?"

"Halijambo. Pole na kazi."

"Umekula?"

"Nimekula."

Ukuta akaenda kuoga. Mshale akabaki amekaa, na lile jambo likamchoma kuliko maneno yote ya katibu: kwamba katika nyumba yao mtu analazimika kuiacha furaha yake ndani ya gari, kama viatu vyenye matope. Asubuhi alimwambia mumewe, "Lipa." Ukuta hakuuliza kwa nini. Alikwenda kulipa siku ileile, kabla mkewe hajabadili nia.

Daktari mpasuaji alikuwa mtu wa maneno machache. Alikuja kitandani baada ya upasuaji akiwa bado na kofia yake ya kazi.

"Utatembea. Ngazi utapanda, mtoto utabeba. Mpira, hapana." Akavua kofia. "Mngekuja mapema, huenda tungezungumza mengine."

Ukuta alitoka nje ya wodi. Aliporudi macho yalikuwa mekundu, akakaa pembeni ya kitanda, asijue mikono yake mikubwa aiweke wapi. Mshale alikuwa anatazama dari.

"Nisimulie ile penalti," alisema.

"Sasa?"

"Sasa. Hujanisimulia."

"Uliiona kwenye televisheni."

"Niliona mpira. Sikukuona wewe. Nisimulie."

Ukuta akaanza kwa shida, kama mtu anayekiri kosa. Alisimulia jinsi alivyotaka kukojoa, jinsi uwanja mzima ulivyonyamaza hata akasikia mtu akikohoa jukwaani. Alisimulia alivyomtazama mpigaji kiunoni, si machoni, kama mkewe alivyomfundisha. Kidogo kidogo sauti ikampanda, mikono ikaanza kuonyesha. Akamtazama mkewe, akaona machozi yakimtiririka kuelekea masikioni, akanyamaza.

"Endelea," alisema Mshale.

"Unalia."

"Ndiyo, nalia. Endelea."

Akaendelea mpaka mwisho. Muuguzi aliyekuja kubadilisha dripu aliwakuta hivyo, akaahirisha kwanza.

Kidole cha kipa wa kwanza kikapona, na Ukuta akarudi benchi. Msimu ulipokwisha akapata klabu nyingine, ndogo zaidi, katika mji mwingine, lakini yenye kumchezesha. Klabu ya zamani ilimwandalia chakula cha kuagana. Katibu akasoma hotuba na kuwachekesha watu. Mkataba wa Mshale ulikwisha wenyewe, kimya kimya. Alijua siku kocha alipompigia simu, kwa sauti yake nene, kumwambia kwamba jezi yake amepewa msichana mpya.

"Anaweza?" aliuliza Mshale.

"Anaweza. Ila hana matibabu, kama nyinyi. Bado tunadai."

Katika mji mpya Ukuta alijulikana upesi. Watu walimpungia, wakamtolea kiti. Mkewe walimjua kama mama mmoja mpole, anayechechemea kidogo akishuka ngazi, na hakuna aliyeuliza alichechemea kwa nini. Nyuma ya ukuta wa ua wao kulikuwa na kiwanja cha watoto. Jioni mpira ulikuwa ukiruka na kuangukia kwenye kamba za nguo, na sauti zikaita kutoka upande wa pili, "Mama, tunaomba mpira!" Mara ya kwanza ulipoanguka, Mshale aliusogelea, akausimamisha kwa unyayo, akabaki hivyo kwa kitambo, mguu juu ya mpira. Sauti zikaita tena. Akainama, akauokota, na kuurudisha kwa mikono.