Sikuzigusa Namba Zake

Baba mkwe wangu alinionya mapema, tena mbele ya watu. "Maneno nyoosha utakavyo, mwanangu, lakini namba zangu usiziguse." Nikamjibu kwa mdomo wangu huu usiojua kutulia, "Baba, mimi na namba zako wapi na wapi?" Mume wangu akacheka mpaka akapaliwa na chai.

Kazi yangu ni kupanga kurasa kwenye duka la uchapaji. Watu wanaleta maandishi matupu yasiyo na sura, mimi nayatoa yakiwa kitabu. Baba mkwe alikuwa fundi mkuu wa kiwanda cha sabuni kabla hajastaafu, na nilimfundisha mwenyewe kuandika kwenye simu yake kwa alama: alama ya reli kwa kichwa cha habari, nyota mbili kila upande kwa neno la kukolezwa, namba na nukta kwa kila hatua. Programu yangu inazisoma alama hizo na kuzigeuza. Reli inakuwa kichwa kikubwa, nyota zinakuwa wino mzito, na faili linatoka safi, tayari kwa mashine.

Kitabu chenyewe kilieleza namna ya kuosha pipa. Si pipa la maji, jamani. Ni pipa la chuma la kukorogea sabuni, kubwa kama chumba, na ndani yake mna mapanga yanayozunguka. Mtu anaingia kwa kimlango kuyakwangua, na mtu huyo ni mume wangu. Kazini wanamwita Sindano kwa wembamba wake, na kile kimlango hakimpitishi mnene. Kelele za mle hazikubali mtu kuita, kwa hiyo wanaongea kwa spana. Hatua ya saba inagongwa mara saba: niko ndani. Nane: natoka. Tisa: nimeshatoka, mlango nimefunga, washa. Mwenye swichi yuko upande wa pili, kimlango hakioni, anasikiliza tu.

Na ya sita? Haipo. Zamani ilikuwa ya kupiga kengele. Kengele ilipokufa, hatua ikafutwa, ila namba zilizofuata hawakuzisogeza, maana mikono ya wale watu ilishazizoea. Kwa hiyo Baba aliandika tano, kisha saba. Hata nyumbani Sindano wangu alikuwa hivyo hivyo. Akimaliza kuoga anagonga mlango wa bafu mara nane ili nizime taa, kwa kuwa swichi iko nje. "Natoka, bibie!" Upuuzi mtupu, na nilikuwa naupenda.

Kitabu kilitoka kizuri, nikavimba kichwa. Karatasi nzito, jalada la bluu, pembe zimekatwa sawasawa. Kiwanda kilivichukua vyote, kisha wakaagiza na bango la ukutani lenye hatua zile zile kwa herufi kubwa.

Asubuhi ya kutengeneza bango nilikuwa na maandishi ya Baba upande mmoja wa skrini, na bango upande mwingine. Nilikuwa napima nafasi ya chini tu, basi. Bango liliishia nane. Maandishi ya Baba yaliishia tisa.

Nikasema labda kuna mstari umekatika. Nikaipitia mistari yote, hakuna hata mmoja uliopungua. Programu ndiyo iliyojihesabia. Inatazama namba ya kwanza, zinazofuata inazipanga yenyewe kwa mfuatano, uandike usiandike. Na jambo hilo nalijua! Nalijua kama ninavyojua jina langu! Imeona tano, ikaona saba, ikaziba pengo. Saba ya Baba ikawa sita, nane yake ikawa saba. Na "washa mashine" ikawa nane.

Nikavuta kitabu cha bluu rafuni. Vilevile.

Simu ya mume wangu haikupatikana. Wakiingia kazini wanazizima na kuzifungia kabatini. Nikampigia Baba; amestaafu, lakini habari za kiwandani hazimpiti.

"Baba, leo pipa linaoshwa?"

"Linaoshwa. Kwani vipi?"

"Nani yuko kwenye swichi?"

"Mama mmoja mgeni. Yule wa zamani yuko likizo."

"Anazijua namba?"

"Amepewa kitabu chako."

Nikamweleza kwa sentensi moja. Hakunigombeza, na afadhali angenigombeza. Alisema tu, "Kimbia. Mimi napiga ofisini."

Nikatoka mguu niponye. Kiwanda kiko nyuma ya mtaa wetu, unapita kwa wachomeleaji wa mageti, unakata kona kwenye duka la matairi. Kandambili moja ilibaki kwa wachomeleaji, ya pili nikaitupa mwenyewe. Langoni mlinzi akanisukumia daftari la wageni. "Mama, jina, saa ya kuingia, unamwona nani."

"Andika mwenyewe!" nikamwambia, nikapita chini ya mkono wake. Nyuma yangu filimbi ikalia.

Ndani, kelele zilinijaa mpaka kwenye meno. Pipa nililiona kabla sijaona mtu. Kimlango kilikuwa wazi, na pembeni yake viatu vya Sindano, kimoja juu ya kingine, vile vile anavyoviacha nyumbani tukagombana. Kule upande wa pili alisimama yule mama, nadhifu, miwani imekaa vizuri, kitabu changu kiganjani na kidole juu ya mstari. Angekuwa mzembe ningepata wa kumlaumu. Hakuwa mzembe hata kidogo. Alikuwa anakifuata kitabu neno kwa neno, kwa sababu kimechapwa vizuri.

Nikaita. Hata mimi mwenyewe sikujisikia.

Hapo ndipo pipa likaanza kugongwa. Moja. Mbili. Kati yangu na yule mama kulikuwa na ngazi na kidaraja chembamba chenye reli ya chuma. Nikaipanda ngazi kwa mikono na miguu. Nne. Tano. Midomo yake ilikuwa inahesabu. Sita. Saba. Nane.

Akasoma kitabuni. Mkono wake wa kulia ukaiendea swichi.

Kwenye kidaraja palikuwa na spana. Nikaiokota, nikaipiga ile reli kwa nguvu zangu zote. Tisa.

Nilipopiga tu ndipo nikaelewa nilichofanya. Mungu wangu! Tisa ni washa. Mtu yeyote anayeijua kazi ile angewasha. Mume wangu yuko kwenye giza la mapanga, na mkewe ndiye anayeamuru yazunguke. Tegemeo langu likabaki moja: kwamba huyu mama anakijua kitabu changu peke yake, na kwenye kosa langu tisa haipo.

Mkono ukasimama. Akakiinamia kitabu. Akafunua ukurasa, akarudi nyuma, akafunua tena, anaitafuta tisa. Tafuta, mama yangu, nikawa nasema huku nalia. Tafuta, usichoke, tafuta!

Mguu ukatoka kwenye kimlango. Kisha mkono. Kisha Sindano mzima akadondoka sakafuni, amepaka sabuni mpaka nyusi, akainuka anatweta na kutukana. Nilishuka nikamvaa. Alinipigia kelele sikioni, "Nani mwendawazimu amegonga tisa na mimi nimo ndani?"

"Mimi," nikasema.

Walizima mashine zote, ukimya ukaingia. Yule mama wa swichi alikuja, akanionyesha ukurasa kwa adabu zake zote. "Sita sikuisikia, nikasikia saba. Nikasema labda kelele. Lakini nane, dada, si imeandikwa hapa?" Nikamwambia ndiyo, imeandikwa. Hakujua mimi ni nani.

Ofisini hawakupokea simu, kwa hiyo Baba mkwe aliletwa na pikipiki, shati amelivaa ndani nje. Alimshika mwanawe kichwani kwanza, kama anayepapasa joto la mtoto. Kisha akachukua kitabu, akapitisha kidole gumba kwenye namba zote mpaka chini.

"Nilikwambia usiziguse."

"Sikuzigusa, Baba. Wallahi. Sikuzigusa hata kwa macho."

Alikikunja kile kitabu kizuri katikati, akaanza kuwapitia watu mmoja mmoja akiomba vingine.

Jioni Sindano aliingia kuoga, akakaa sana. Mimi nilisimama nje ya mlango, nasikiliza maji. Maji yakakatika. Akagonga, polepole, bila kufikiri, kwa mazoea tu. Nikahesabu mpaka nane. Kidole kilikuwa juu ya swichi, na hakikutaka kushuka.

"Bibie! Natoka, zima basi!"

"Toka kwanza," nikamwambia. "Toka nikuone."