Kiti Kimoja kwa Kila Zahanati

Nesi Eufrasia alipindua kopo la klorokwini juu ya trei. Kilidondoka kidonge kimoja na unga kidogo. Ilikuwa tarehe kumi na saba Julai, saa mbili asubuhi, na benchi la zahanati ya Nyamisera lilikuwa limejaa. Waliokosa nafasi walikaa chini, migongo ukutani.

Dawa zilifika kila tarehe mosi katika sanduku lililofungwa kwa utepe wa chuma. Wakubwa waliliita kiti, kutokana na “kit” ya Kiingereza, na kijijini watu walikwisha kulifanyia utani.

"Kiti kimevunjika tena?" aliuliza mwanamume mmoja kutoka kwenye benchi.

"Kimevunjika," alisema Eufrasia.

"Hicho kinakaliwaga na vijiji vitano, kitaachaje kuvunjika?"

Wa kwanza kwenye mstari alikuwa Boke, amempakata mwanawe Burito wa miaka miwili. Mtoto alikuwa na homa na macho yake hayakufuata kidole. Eufrasia alisaga kidonge, akakichanganya na maji yenye sukari, akamnywesha.

"Kesho kimoja, keshokutwa nusu," alisema.

"Cha kesho kiko wapi?"

"Nakifuata Bunda."

Aliandika kwenye rejista: 408, Burito, homa. Wengine thelathini na mmoja aliwarudisha nyumbani. Hawakuandikwa. Ndivyo alivyofundishwa: asiyepewa dawa hakutibiwa, na asiyetibiwa hana namba.

Lori la pamba lilimfikisha Bunda saa sita. Tangu biashara iwe ruksa maduka yalikuwa yamejaa sabuni, sukari na vitenge. Kwenye duka moja karibu na stendi klorokwini nayo ilikuwa rafuni, kwa mwenye uwezo. Eufrasia alipita, akaenda stoo ya dawa.

Mtunza stoo, Magige, alikuwa anakula muhogo wa kuchemsha mezani.

"Dada Eufrasia! Tarehe kumi na saba? Huko vidonge mnavitafuna kama karanga?"

"Ndugu Magige, naomba kiti cha pili. Nina watu elfu kumi na moja."

"Kila zahanati kiti kimoja. Huo ndio usawa. Nikianza huyu viwili, huyu kimoja, patakalika hapa?"

"Wenzangu wa zahanati za barabarani wana watu elfu tatu, na hospitali wanaiona kwa macho."

"Mimi watu siwaoni. Naona fomu." Alifuta mikono, akavuta faili. "Nyamisera. Mwezi wa nne, wagonjwa mia nne kumi na moja. Wa tano, mia nne na tisa. Wa sita, mia nne kumi na nne. Hao wa barabarani, mia nne na kumi. Mnalingana kama mapacha. Cha pili nikupe kwa sababu gani?"

Eufrasia aliangalia tarakimu. Zote zilikuwa za mkono wake. Kila mwezi hesabu ilikuwa imekoma pale pale kopo lilipokoma. Kwa miaka mitatu hakuwa amehesabu wagonjwa. Alikuwa amehesabu vidonge.

"Waliorudi bila dawa hawamo humu," alisema.

"Wamo wapi?"

"Fomu haina safu yao."

"Basi mimi nitawapata wapi, dada?" Hakusema kwa kebehi. Nyuma yake yalipangwa masanduku matano, kila moja na jina la zahanati yake. Magige alimwona Eufrasia anayaangalia. "Hayo yana wenyewe."

"Nikiichora hiyo safu?"

"Fomu ya serikali haichorwi. Ukichora nitakurudishia."

"Nirudishie. Utakuwa umeshaisoma."

Magige alifunga faili, akaurudia muhogo wake.

Eufrasia alirejea Nyamisera jua likiwa limeinama. Boke alikuwa kwenye kizingiti, mtoto amelala mgongoni, shingo imelegea. Alitazama mikono ya nesi kwanza, kisha mkoba.

"Hujakipata."

"Sijakipata." Eufrasia alimgusa mtoto. Homa ilikuwa imepanda. Alimkanda kwa kitambaa chenye maji, akaandika barua ya kumpeleka hospitali. "Lori linapakia pamba mpaka giza. Nimeongea na dereva, atakubeba mbele."

Boke aliikunja barua akaifunga kwenye pindo la kanga. Hakuondoka. Eufrasia alikuwa amefungua rejista na anapiga mstari mwekundu kwa rula, kutoka juu ya ukurasa hadi chini. Juu yake aliandika: *Dawa hakuna*. Akaweka alama mbele ya jina la Burito, kisha akaanza kuwaandika wale thelathini na mmoja wa asubuhi, kadiri alivyowakumbuka.

"Unaandika nini, Nesi, na dawa hakuna?"

"Naandika kwamba hakuna."

Boke alimweka mtoto vizuri mgongoni. Lori lilipiga honi.

"Na dada yake mwandike. Tulikujaga naye mwezi wa tano, ukasema kiti kimevunjika."

"Yuko wapi?"

"Nyuma ya nyumba," alisema Boke. "Tulimzika pale."

Eufrasia alirudisha kurasa hadi mwezi wa tano. Namba ya mwisho ilikuwa 409. Alipiga mstari mwekundu hapo pia.

"Jina lake?"

"Susana. Miaka minne."

Aliandika 410.