Barua ya Tatu ya Bwana Kwaheri

Kwenye karakana ya kushona sare za shule, fundi mkataji alijulikana kama Bwana Kwaheri, na jina hilo alilitolea jasho. Miezi minne nyuma aliandika barua ya kuacha kazi, kurasa mbili, ili ahamie kiwanda kikubwa ng'ambo ya mji. Siku ya kuagwa alihutubia mpaka pasi tatu zikapoa. Mpiga pasi mmoja alisinzia wima, akaota ndoto nzima, akaamka na kukuta hotuba ndiyo kwanza imefika katikati. Watu walilia. Walichanga wakamnunulia saa ya ukutani.

Hiyo ilikuwa Ijumaa. Alhamisi iliyofuata wakamkuta mlangoni, saa kaikumbatia.

"Msimamizi kanibembeleza nirudi," aliwaambia. "Sasa ningefanyaje jamani?"

Uongo mtupu. Kule kiwandani alikuta mashine kubwa kama chumba cha kulala, inakata kitambaa yenyewe, haitaki chaki wala macho ya fundi. Siku tatu aliitazama tu. Walipomwambia aiguse, akasema anakwenda chooni, akapitiliza getini. Aliyebembeleza ni yeye, kwa barua ya pili, arudishiwe meza yake.

Na meza ilikuwa imeshapata mwenyewe. Dada mmoja mwembamba wa mashine ya vitundu vya vifungo, waliyemwita Sindano, alikuwa amepandishwa cheo. Alikata siku tatu. Ya nne akarudishwa kwenye vitundu vyake, bila kupewa sababu. Tangu hapo Bwana Kwaheri alikuwa akipita kwa nyuma, kuzunguka marobota yote ya kitambaa, asikutane na uso wake.

Sasa mkewe, muuguzi, alikuwa amehamishiwa mji wa mbali, na safari hii hapakuwa na namna ya kubaki. Usiku, nyumbani, Bwana Kwaheri alikaa mezani na kalamu, karatasi ikimtazama.

"Mistari mitatu," mkewe alimwambia. "Tarehe ya kuondoka, sababu, asante."

"Na mapenzi yangu kwa mkasi nisiyataje?"

"Mume wangu, mkasi hausomi barua."

Asubuhi aliipeleka. Msimamizi, mama wa miwani miwili, mmoja machoni na mmoja kichwani, aliisoma mara moja, akafungua jalada na kuiweka juu ya zile mbili za kwanza.

"Hii una hakika nayo, au niishike kwa pini kwanza?"

"Nina hakika, mama. Nitatumikia mwezi mzima wa notisi, na nitamfundisha atakayekaa pale."

"Atakayekaa pale unamjua. Nenda ukamwambie mwenyewe. Mimi nilishamwambia mara mbili, kupanda na kushuka. Sina uso wa mara ya tatu."

Kutoka ofisini hadi mashine ya vitundu ni hatua kumi na mbili. Siku ile zilikuwa kama safari ya kuhiji kwa magoti. Cherehani zilianza kunyamaza moja baada ya nyingine.

"Dada, naacha kazi. Meza ni yako."

Sindano hakuinua kichwa. "Shikamoo."

"Marahaba. Safari hii ni kweli."

"Ya kwanza ilikuwa nini, mazoezi?"

Watu wakaangua kicheko. Mpiga pasi akadakia, "Bwana Kwaheri, saa hatununui tena!"

Sindano peke yake hakucheka. Alisimamisha mashine. "Siku ile nilimpigia mama yangu simu, nikamwambia nimekuwa mkataji. Akazunguka kwa majirani, mlango kwa mlango. Siku tatu baadaye nikamwambia nimeshushwa. Unajua aliniuliza nini? Aliniuliza nimeiba nini."

Bwana Kwaheri aliwageukia watu wote.

"Hakuna aliyenibembeleza," alisema, kwa sauti iliyofika mpaka kwa wapiga pasi. "Niliikimbia mashine. Mimi ndiye niliyeomba kurudi, na nilijua upo pale mezani."

Sindano alishika tena kitambaa chake.

"Kwa mama yangu ukaseme hivyo hivyo," alisema Sindano.

Mwezi ule alimfundisha kila alichokijua: kusoma uelekeo wa nyuzi za kitambaa, kupanga ruwaza, zile karatasi za vipimo, zibanane, kukata tabaka hamsini mkono usitetemeke. Sindano alijibu "ndiyo" na "sawa", basi. Siku ya mwisho hapakuwa na hotuba. Yeye na Sindano walitoka getini pamoja wakaenda kwa mama yake Sindano, nyumba ya vyumba viwili nyuma ya soko.

Bibi huyo alikuwa akichambua mchele barazani, na majirani wawili wamekaa ubavuni. Bwana Kwaheri alitamani waondoke. Sindano akawavutia viti karibu zaidi.

Akasema yote, amesimama, mikono haijui pa kukaa: mashine, choo, geti, barua. Alipomaliza, Bibi alipuliza makapi kwanza.

"Kwa hiyo mwanangu hakuiba."

"Hakuiba, mama. Mimi ndiye niliyemnyang'anya."

"Na kesho utakuwa wapi?"

"Kwenye basi, mama, na mke wangu."

"Basi gani? Saa ngapi?"

Akamtajia. Bibi akamgeukia jirani wa kulia, kisha wa kushoto, kuhakikisha wamesikia.

"Tutakuja kituoni," alisema. "Sio kukuaga. Kuona likiondoka."