Mkwe wa Barabara ya Chakol

Yahya alipotoka Mombasa kuja kufanya kazi Busia, mwaka wa sabini na nne, alishuka kwenye lori na mizigo miwili. Sanduku la nguo alilitupa chini. Baiskeli aliipokea kwa mikono miwili, akaikagua kila upande, kisha ndipo akakumbuka kuwasalimu wenyeji.

Ilikuwa baiskeli ya mashindano, nyembamba, ya buluu, usukani wake umepindwa kama pembe za kondoo dume. Haikuwa na kengele, haikuwa na madigadi, wala haikuwa na keria. Hiyo keria ndiyo iliyoleta maneno tangu saa ya kwanza.

"Boss, sasa hii itabeba nini?" akauliza Ojiambo. Huyu Ojiambo mchana alikuwa mpakuzi wa mizigo, na jioni alivusha watu mpakani kwa baiskeli yake, mmoja mmoja, juu ya keria yenye mto wa sponji.

"Haibebi kitu. Ni ya kwenda mbio."

"Kwenda wapi?"

"Popote. Naenda mbio, kisha narudi."

Ojiambo akaizunguka baiskeli polepole. "Kwani huko unasahaunga nini?"

Mzee Usman, mwenye malori na mwajiri wa Yahya, hakujali habari za keria. Yeye alichukizwa na ile suruali fupi ya kubana aliyoivaa Yahya akiendesha. Alimwambia Yahya kwamba mapaja ya mwanamume si bendera, hayana haja ya kupeperushwa mjini. Yahya akaitika ndiyo mzee, akaingia ndani, akatoka kwa mlango wa nyuma na suruali ile ile.

Msimlaumu. Mvua za mwaka ule zikiisha kulikuwa na mashindano ya mkoa kule Kakamega, naye alikwishawaambia vijana wenzake wa Mombasa kwamba kombe ni lake, kwamba watu wa bara wanajua kubeba ndizi kwa baiskeli lakini kukimbia hawajui. Maneno kama hayo hayarudi tumboni. Tena, kusema kweli, alikuwa mpweke. Ugali aliuona mzito, mbu aliwaona wengi, na saa pekee aliyojisikia ni mtu kamili ni ile ya jioni, akiwa juu ya tandiko, upepo ukimpiga usoni. Kilichomkosesha usingizi ni kimoja tu: barabara. Bila barabara nzuri ya mazoezi angekwenda Kakamega kuaibika.

Akaanza kuitafuta. Barabara kuu ya Kisumu ilikuwa na lami, lakini ilikuwa na malori pia, na mataniboi wa malori hawajawahi kuona mgongo ulioinama kiasi kile wasiurushie gunzi la mahindi. Akajaribu njia ya Nambale, akasahau kuuliza siku ya soko. Aliingia katikati ya ng'ombe akiwa na kofia, akatokea upande wa pili ng'ombe ndiye mwenye kofia. Kisha akagundua kijia kizuri ajabu nyuma ya mji, kigumu, kinyoofu, chenye kivuli, akakifuata huku akiimba, mpaka aliposimamishwa na askari ambaye sare yake hakuitambua. Alikuwa ameingia Uganda kitambo. Askari aliikagua baiskeli juu na chini akitafuta magendo yamefichwa wapi, akamwita mwenzake, naye akatafuta. Mwishowe walimwachia kwa huruma. Mtu asiye na keria atafanya magendo gani?

Ndipo akaipata barabara ya Chakol. Unatoka mjini, unaipita Alupe, na murami unaanza, mwekundu, ulioshindiliwa ukashindilika. Mlima wake si wa kukuua, na mteremko wake ni wa kukufanya umshukuru Mungu kwa sauti. Huku mihogo, kule mtama, na malori hayana habari nayo. Yahya aliipenda siku ile ile.

Kasoro yake ilikuwa moja, nayo ni watu. Wenyeji wa huko ni Wateso, na Mteso hapitwi hivi hivi. "Yoga!" anakusalimu, nawe ukiitika ujue umeegesha, kwa maana baada ya yoga kuna habari ya nyumbani, ya mifugo, ya mvua, na ya yule jirani aliyefiwa. Siku ya kwanza Yahya aliitika salamu zote, akarudi mjini giza limeingia na jasho hata tone hakutoa. Siku ya pili akaamua liwalo na liwe. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, naye aliinama hasa, uso karibu uguse gurudumu la mbele, akapita bila kumwona mtu.

Mwisho wa mteremko mkubwa palikuwa na boma la Mzee Osukuku. Mkewe, Mama Roselida, alikuwa na kawaida ya kuanika mihogo jioni juu ya mwamba ulio kando ya barabara. Hapo ndipo Yahya alipokuwa na kasi kuliko mahali pote, na hapo ndipo alipoinama kuliko mahali pote. Baada ya siku chache aliona jambo: mama yule akimwona tu anatokea juu ya mlima, anajifunika leso usoni, anaiacha mihogo, anatimua mbio shambani. Yahya akadhani anaogopa kugongwa. Akamwonea huruma. Akawa akifika pale anazidi kuinama na kuongeza mwendo, ili amwondolee mama wa watu usumbufu upesi.

Laiti angalijua alichokuwa akikisema kwa mgongo wake!

"Boss, umetuficha," alisema Ojiambo asubuhi moja, meno yote nje. "Kumbe unaoa kwa Osukuku, sisi tunakuona tu."

"Naoa nini?"

"Roselida. Yule mwalimu. Chakol yote inajua."

Yahya aliapa kwamba hamjui Roselida wala jina lake hajapata kulisikia. Ojiambo akaketi juu ya gunia, akamfunza kama mtu anavyomfunza mtoto kushika kijiko. Huku, alisema, ukimtaka msichana wa mtu, mamake unamwogopa. Ukikutana na yeye njiani unaangalia chini, unapita haraka, kumsalimia ni aibu kubwa. Yeye pia akikuona anajificha. Hiyo ndiyo heshima. "Sasa wewe kila jioni unapita kwa mamake Roselida kichwa chini, mbio kama mwizi. Hata nguo ya heshima huvai, akili yote iko kwa mama mkwe. Watu watasema nini? Wanasema huyu mkwe ana adabu, hawajaona kama yeye."

Dalili ya mvua ni mawingu, na Chakol ilikwishayaona mawingu ikatandaza masufuria. Yahya akaingiwa na hofu ya kweli. Alijiona akisimamishwa na wazee barabarani, akajiona akirudi kwa mataniboi na magunzi yao. Akaamua jioni hiyo hiyo atasimama mbele ya yule mama, atamsalimu kwa sauti kubwa, maneno yaishe.

Hakufika. Kabla ya mteremko, karibu na shule, msichana mrefu mwenye chaki vidoleni alikuwa amesimama katikati ya barabara, mikono kiunoni. Yahya akafunga breki mpaka akazunguka.

"Wewe ndiye yule wa kwa Mzee Usman?"

"Ndiye mimi, dada."

"Mimi ni Roselida. Nasikia unanioa."

Yahya akaanza kuomba radhi, akaapa, akaeleza, akamwambia kwamba sasa hivi anakwenda kumsalimu mama na mambo yataisha.

"Ukimsalimia mama nitakulaani," alisema Roselida. "Unamjua Okwara wa Nambale? Amefiwa na bibi, ana ng'ombe wengi na ana haraka. Baba alikuwa karibu kukubali. Tangu watu waseme nina mchumba wa baiskeli, Okwara hajakanyaga kwetu. Tafadhali, bwana, endelea tu kuinama."

"Mpaka lini?"

"Mpaka apate mwingine. Nimekwambia ana haraka."

Yahya alikubali. Alijiambia anakubali kwa ajili ya barabara, na kwa siku mbili tatu huenda ilikuwa kweli. Lakini Roselida alianza kusimama kwenye ua wa shule kila jioni kumwinulia mkono, na Yahya, ambaye hakuinua kichwa kwa chifu wala kwa padri, akawa anakiinua pale. Tena akaanza kuchana nywele kabla ya mazoezi. Ojiambo akamwuliza kama upepo wa Chakol unapenda mafuta ya nazi.

Mvua zikaisha. Wiki ya mashindano ikafika, mbio zenyewe Jumapili, na miguu ya Yahya ilikuwa mizuri kuliko ilivyopata kuwa Mombasa. Siku ya Alhamisi akauteremka mlima ule kama maji, uso chini, moyo juu. Asichokiona ni mbuzi wa Mzee Osukuku aliyefungwa upande huu, akaamua kula upande ule, kamba ikalala katikati ya njia. Gurudumu likaikumba. Baiskeli ilikwenda kwenye mihogo, Yahya akaenda kwenye mwamba. Mbuzi hakupata hata mkwaruzo.

Alipotaka kusimama kifundo cha mguu kilikataa. Goti lilitoka damu. Akatazama huku na huku, hapakuwa na mtu. Wanaume walikuwa kwenye pombe, vijana walikwenda sokoni, na Roselida alikuwa shuleni. Palikuwa na Mama Roselida peke yake, naye alishafika ukingoni mwa shamba, akampa mgongo, leso kichwani.

Wakakaa hivyo. Mama hakuweza kumtazama, Yahya hakuweza kumwita, na damu ilikuwa ikiendelea na kazi yake.

"Wewe mbuzi," mama akasema mwishowe, akiwa bado ametazama mihogo. "Umeua mtoto wa watu?" Alisema kwa Kiswahili, ingawa mbuzi yule alizaliwa Chakol na alijua Kiteso tu.

Mbuzi akatafuna. Yahya akakohoa, akamgeukia mbuzi. "Mbuzi, mwambie mama sijafa."

"Mbuzi, muulize mguu umevunjika?"

"Mwambie umeteguka tu."

Mama akaenda nyumbani, akarudi na kibuyu cha maji ya chumvi. Alirudi kinyumenyume, akipapasa njia kwa visigino, akamkanyaga Yahya mkono, akaomba msamaha kwa mbuzi. Akakitua kibuyu, akakisukuma kwa fimbo mpaka kikamfikia. Yahya akaosha goti huku akiuma meno.

"Mbuzi, sikia," mama akasema. "Roselida nimezaa mimi. Akidanganya najua. Mkwe ana haya, hawezi kuja kila siku. Huyu hana haya, amekuja kila siku, hata Jumapili. Mimi nilijua tangu zamani anakimbiza baiskeli yake."

Yahya alisahau maumivu. "Mbuzi, muulize mama, sasa kwa nini alikuwa akikimbilia shambani?"

"Mwambie mimi na Okwara tulicheza pamoja tukiwa watoto. Hata wakati ule nilikuwa simpendi." Akaegemea fimbo yake. "Lakini mimi ni mtu mzima, nimechoka kukimbia kwa uongo. Magoti yangu yanauma. Sasa mwambie hivi. Hii mikono yangu imenyoosha miguu ya Chakol yote. Nikishika huo mguu saa hii, Jumapili atakanyaga pedeli. Kama yeye ni mpita njia, ageuke anisalimie vizuri kama mtu, nimkande, aende mashindano yake, na sisi tutajua Okwara tutamwambia nini. Kama ni mkwe, anyamaze. Mkwe siwezi kumgusa. Tutangoja Mzee Osukuku atoke kwa pombe, na huo mguu mpaka asubuhi utakuwa umefura kama muhogo."

Yahya alilala pale akautazama mguu wake. Aliliona kombe la Kakamega. Aliwaona vijana wa Mombasa wakicheka, na walikuwa na haki ya kucheka. Aliwaza pia habari ya dini, na ya wazazi wake, na ya kwamba msichana mwenyewe hajasema anamtaka, amesema ainame tu. Salamu ilikuwa ulimini, neno moja fupi, na mikono ya yule mama ilikuwa hatua chache tu kutoka pale. Akafungua kinywa.

Kisha akaukumbuka ule mkono unaoinuliwa kwenye ua wa shule, na chaki yake. Akaona anataka kuuona kesho, na keshokutwa, na siku ambazo hana mashindano yoyote. Lilimshtua jambo hilo kuliko lilivyomshtua lile anguko. Akaivuta kofia mpaka machoni, akajiburura juu ya mwamba kwa taabu, akampa mama mgongo.

Hakusema neno.

Mama alingoja. Alingoja mpaka akawa na hakika. Alipozungumza tena sauti yake ilikuwa imelainika, kama ya mtu anayekaribia kulia na hataki.

"Mbuzi," akasema, "pole sana, rafiki yangu. Kisu atashika mkwe mwenyewe, kwa dini yake, asije akakataa nyama yetu."